Insha Kutoka Katika Daftari la Zamani

Wanafunzi wengi wakipewa insha huketi wakiuma kalamu na kusema, "Mwalimu, sina la kuandika." Nami huwauliza kama wanayo shajara, yaani daftari la mambo ya kila siku. Mwenye daftari la namna hiyo ana ghala, ila yampasa ajue kulifungua.

Hapa Jinja tunao mfano. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Habari za safari yake alizifanya kitabu kilichochapwa mwaka 1863. Hakuridhika kusema ameona maporomoko makubwa. Alitaja samaki warukao kwa maelfu, wavuvi Wasoga na Waganda waliosimama juu ya miamba na ndoana zao, viboko na mamba waliolala majini, na ng'ombe walioteremshwa kunywa. (Maporomoko aliyapa jina la bwana mmoja wa kwao, ingawa wenyeji walipaita Mawe, na hiyo ndiyo maana ya Jinja.) Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyazamisha. Leo mtu akitaka kuyaeleza katika hadithi, wale samaki na ng'ombe watamfaa kuliko sifa zote za ukubwa na uzuri.

"Lakini Speke alikuwa na Nile," mtasema, "sisi tuna maharage ya bweni." Vema. Nilipokuwa mwanafunzi Mbale niliandika hivi: "Jumatatu, 1 Machi 2010. Mvua kutwa. Viatu vimelowa. Maharage tena." Na kesho yake: "Kitanda cha jirani yangu ni kitupu. Ameitwa kwao." Basi. Siku ile ile mlima ulikuwa umeporomoka huko Nametsi, Bududa, ukafukia nyumba na watu, nami nimeandika maharage.

Kwa miaka mingi niliona haya kuyasoma maneno yale. Halafu nikaanza kuyahoji, kama hakimu amhojivyo shahidi. Viatu vya nani? Nikakumbuka kwamba havikuwa vyangu. Nilikuwa nimeviazima kwake. Alipoitwa, vilikuwa bado vibichi chini ya kitanda changu. Je, alipanda Bududa na nini miguuni? Hapo ndipo nilipopata insha yangu, na mlima wenyewe sikuutaja mpaka ukurasa wa tatu.

Jambo moja msilifanye: msiyasahihishe maandiko ya zamani ili yapendeze. Kama mliandika maharage siku ya msiba, yaacheni maharage.

Kwa Ijumaa, kila mtu achague mstari mmoja wa daftari lake, usiozidi maneno kumi, na chini yake aandike maswali matano. Majibu bado. Asiye na daftari aanze leo jioni.