Karatasi Zisizopita Mikononi Mwako: Maswali na Majibu Kuhusu Usajili wa Muuguzi Ng'ambo

Maswali haya huulizwa na wauguzi wa Eastlands, Nairobi: wa hospitali za Mama Lucy na Pumwani, wa zahanati za binafsi za Umoja na Kayole, na wale waliomaliza chuo lakini bado wanaishi kwa lokamu za siku mbili tatu. Nimeyajibu kwa pamoja kwa sababu jibu la swali la kwanza ndilo linalobeba mengine yote.

Ajenti anasema nikimlipa atanishughulikia kila kitu, usajili ukiwamo. Nimlipe?

Usajili ndicho kitu ambacho ajenti hawezi kukuuzia. Baraza la uuguzi la nchi ya kigeni halikujui. Halikuona wodi uliyojifunzia wala mwalimu aliyekutilia saini kitabu cha mazoezi. Njia yake ya kukujua ni kuwauliza wanaokujua, na kuwauliza bila wewe kukaa katikati. Kwa Uingereza, baraza la NMC hutaka Baraza la Wauguzi la Kenya lenyewe lithibitishe kwamba umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Kwa Marekani, shirika la CGFNS, lililoanzishwa mwaka 1977 na siku hizi linaitwa TruMerit, hutaka rekodi za masomo zitoke chuoni na uthibitisho wa leseni utoke Barazani, moja kwa moja. Kwa nchi za Ghuba, kampuni ya DataFlow huwaandikia chuo na mwajiri wako kuwauliza kama vyeti ulivyowasilisha ni vyao kweli. Njia hizi tatu zinatofautiana kwa mengi, lakini kwa hili zinafanana: karatasi yenye uzito ni ile isiyopita mikononi mwako. Kama haipiti kwako wewe mwenye jina, itapitaje kwa ajenti?

Sisemi kwamba kila ajenti ni tapeli. Aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ana kazi yake halali, nayo ni kukukutanisha na mwajiri, kupanga mahojiano na kufuatilia viza. Hata hivyo mwongozo wa serikali ya Uingereza unakataza muuguzi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi; gharama hiyo ni ya mwajiri. Kwa hiyo anayekuomba laki moja na nusu ili "akufanyie NMC" anakuuzia kazi ya kuchapa fomu, tena kwa masharti mabaya. Mara nyingi akaunti hufunguliwa kwa baruapepe yake, nywila akabaki nayo, na siku mkikosana huwezi hata kusoma barua ulizoandikiwa wewe.

Utaniambia: lakini fulani alilipa, na leo yuko Leeds anafanya kazi. Ni kweli, ila mitihani aliifanya mwenyewe na chuo chake kilijibu kilipoulizwa. Hayo mawili ndiyo yaliyomfikisha. Na penye ahadi ya kufanyiwa hata mtihani, hatari inazidi kupoteza pesa. Mwaka 2023 NMC ilitangaza kwamba matokeo ya mtihani wa kompyuta kutoka kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, yalikuwa na dalili za udanganyifu. Waliopitia kituo hicho wakatakiwa kurudia mtihani, wakiwamo waliokuwa tayari wamesajiliwa na wako kazini Uingereza. Mkweli na mdanganyifu walitiwa kapu moja mpaka kila mtu ajisafishe.

Kama karatasi hazipiti kwangu, mimi nina kazi gani?

Unayo kubwa, nayo ni kuhakikisha kwamba watakaoulizwa habari zako wana jibu la kweli, kamili, na linalolingana. Maombi mengi hukwama hapo miezi na miezi huku mwombaji akidhani kwamba wazungu ndio wanaochelewesha.

Chukua jina. Cheti cha KCSE kina majina matatu. Leseni ya Baraza ina mawili kwa sababu fomu ilijazwa haraka. Pasipoti ilichukuliwa baada ya ndoa, basi ina jina la mume. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja, lakini kwa karani wa London au Philadelphia hao ni watu watatu, na hana ruhusa ya kukisia. Dawa yake iko hapa nyumbani: cheti cha ndoa, hati ya kiapo, au, ukiwa umebadili jina kabisa, hati iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Fanya hivyo kabla ya kufungua ombi lolote, na uanzie Barazani, maana huko ndiko wengine watakakouliza.

La pili ni saa za mafunzo. Marekani haitosheki na kusikia kwamba ulifaulu. Inataka kujua ulisoma darasani saa ngapi na ukafanya mazoezi wodini saa ngapi, kwa kila eneo: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. Diploma ya Kenya ya uuguzi wa jamii ina bahati hapa, kwani imekusanya maeneo hayo yote katika kozi moja. Tatizo huwa kwenye rekodi. Wiki zako za hospitali ya Mathari zimeandikwa kwa saa, au imeandikwa tu "afya ya akili, amefaulu"? Chuo kinaweza kujaza fomu kwa usahihi kikiwa bado kina daftari lako. Nenda ukaulize sasa, uone nakala yako, na kosa likiwapo liombe lirekebishwe kwa utaratibu wa chuo. Ukingoja mpaka barua ya CGFNS ifike, msajili wa chuo atakuwa na likizo, mwalimu mkuu atakuwa amehamishwa, na wewe utakuwa Donholm ukipiga simu isiyopokelewa.

Tulisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kwa nini tufanye mtihani wa Kiingereza?

Lalamiko hili lina haki ndani yake. Mitihani ya Baraza letu ni ya Kiingereza, faili za wagonjwa zinaandikwa kwa Kiingereza, na bado NMC haiiweki Kenya kati ya nchi ambazo wengi wa wenyeji wanazungumza Kiingereza kama lugha yao ya kwanza. Anayesema hilo linauma, namuunga mkono.

Lakini angalia lililotokea mwaka 2021. Baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wauguzi mwezi Julai, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani mwezi Oktoba kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Wengi walisikia aibu. Mimi naona hapo ushahidi kwamba watu waliingia mtihani wasioujua, maana hakuna anayeweza kuniambia kwamba wauguzi 290 wa Kenya hawawezi kuzungumza na mgonjwa kwa Kiingereza. IELTS ya kitaaluma inadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Sehemu ya kuandika inataka insha ya maneno 250 yenye hoja iliyopangwa, kuhusu jambo lolote, kwa dakika 40 hivi. Muuguzi aliyekuwa akiandika taarifa za zamu kwa vifupisho miaka minane hajaandika insha tangu kidato cha nne. Huo ni ustadi uliolala, na unaamshwa kwa mazoezi ya wiki kadhaa.

Ningependekeza wengi waifikirie OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, ambao NMC pia inaukubali kwa daraja B, na C+ katika kuandika. Humo unapewa maelezo ya mgonjwa na kuandika barua ya rufaa, kazi ambayo mikono yako inaijua. Tena, tangu Februari 2023 NMC inaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyo chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu. Aliyekosa nusu alama katika kuandika hana sababu ya kulia kana kwamba ameanguka.

Njia ya Uingereza inagharimu kiasi gani, na mtihani wa OSCE una nini cha kuogopwa?

Ada za NMC ni pauni 140 za kukagua sifa, 83 za mtihani wa kompyuta, 794 za OSCE na 153 za kuingizwa kwenye daftari. Jumla ni pauni 1,170, karibu shilingi laki mbili, kabla ya mtihani wa Kiingereza na viza. Waajiri wengi hulipa OSCE, na baadhi hurudisha nyingine. Soma kipengele cha mkataba kinachosema utarejesha kiasi gani ukiacha kazi mapema, na uulize kama deni linapungua kadiri miezi inavyopita. Ukikopa kwenye chama, kopa kwa hatua moja moja. Hakuna sababu ya kuomba pesa za OSCE kabla hujafaulu Kiingereza.

OSCE, yaani mtihani wa vitendo, hufanyika Uingereza, na anayeingia kwa viza ya kazi hutakiwa kuifanya ndani ya miezi mitatu tangu kuanza kazi. Ina vituo 10, na wauguzi wazuri huanguka humo kwa mambo madogo. Kabla ya kumgusa mgonjwa unanawa mikono, unajitambulisha kwa jina na cheo, unamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa huku ukilinganisha na mkanda wa mkononi, unauliza kama kuna dawa inayomdhuru, unaeleza utakachofanya, unaomba ridhaa. Muuguzi aliyezoea wodi iliyojaa hufanya nusu ya hayo kwa jicho, kimya kimya, na anayafanya sawasawa. Mtahini anatoa alama kwa alichokiona na kukisikia tu. Ni kanuni ileile ya usajili mzima: ulilonalo moyoni halihesabiwi mpaka mwingine aweze kulishuhudia.

Nina cheti tu, si diploma. Je, nikienda kama kea, yaani mhudumu wa matunzo, nitasajiliwa nikiwa hukohuko?

Ukea haukuwa mlango wa usajili hata ulipokuwa wazi, na tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa aina hiyo kutoka nje. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliopigwa kufuli. Hata kwa waliotangulia, miaka ya ukea ingeweza kusaidia kidogo katika ushahidi wa Kiingereza, basi. Haikugeuza cheti kuwa sifa ya muuguzi aliyesajiliwa. Kwa mwenye cheti njia ni kupanda daraja hapa nyumbani, na si jambo geni: AMREF na Baraza walianza mafunzo ya kupandisha wauguzi kwa njia ya mtandao mwaka 2005, mtu akisoma huku anafanya kazi. Kwa Ghuba, jihadhari na cheo kilichoandikwa kwenye mkataba na viza. Kama hakisemi muuguzi, hutakuwa muuguzi hata uvae sare nyeupe.

Na Ujerumani?

Mkataba wa uhamiaji wa kazi ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwapo, na wengi wakadhani usajili umerahisishwa. Haukuguswa. Utambuzi wa sifa unafanywa na mamlaka ya kila jimbo, kwa kawaida unahitaji Kijerumani cha B2, na jimbo likiona pengo katika mafunzo yako utafanya mtihani au kozi ya kulijaza. Hesabu mwaka au zaidi wa lugha kabla ya kuhesabu mshahara.

Huoni kwamba unawasaidia wauguzi kuzikimbia hospitali zetu?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Foleni za Mama Lucy zinahitaji mikono, na kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 ziliandikwa kwa sababu nchi tajiri zilikuwa zikivuna zisichokipanda. Kwa sababu hiyohiyo, tangu Novemba 2021 mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kuja kuajiri Kenya nje ya mkataba wa serikali mbili, ingawa muuguzi mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe. Na kundi la kwanza chini ya mkataba huo, lililoondoka mwaka 2022, halikufika watu 20. Lakini nesi asiye na ajira Umoja hajaondolewa kwenye wodi yoyote. Wodi ndiyo haikumwajiri. Mgomo wa 2017 ulidumu miezi mitano, na waliogoma walikuwa wakidai makubaliano ambayo yangewafanya wabaki. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutoka nchini. Ninachopinga ni muuguzi kutoka akiwa na deni, bila usajili, na kuishia kufanya kazi ambayo hakuisomea. Hapo Kenya imempoteza, na huko hawakumpata.

Sina pesa mwezi huu. Nianzie wapi?

Kwenye mambo ya bei ndogo. Hakikisha leseni yako ya Baraza haijaisha na pointi zako za mafunzo endelevu zimeingizwa. Linganisha majina kwenye kila hati. Fungua baruapepe yako mwenyewe, ambayo nywila yake haijui mtu wa saiba. Kila unapomaliza mkataba au kipindi cha lokamu, omba barua inayotaja tarehe, wodi na saa za kazi, kwa kuwa zahanati ndogo hufungwa na baadaye hakuna wa kumuuliza. Cheti cha tabia njema, ambacho ada yake ni shilingi 1,050 na alama za vidole unaweza kuziacha Huduma Centre ya Makadara, usikichukue bado. Muda wake ukipita kabla ya kukihitaji, utalipa tena.