Kurejesha Matini na Kanuni Zake: Nafasi ya Isimu katika Nakala Akiba za Hifadhidata ya Utafutaji

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kurejesha matini katika hifadhidata ya utafutaji bila kurejesha kanuni za lugha zake ni kufanya nusu ya kazi. Mfano wetu unatoka Momela, chini ya Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, jirani na Momela. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Majina ya mahali hapo huandikwa kwa namna mbalimbali: Momela na Momella, Ngarenanyuki, Ngare Nanyuki na Engare Nanyuki.

2.0 Kanuni za Lugha

Tuchukulie kwamba matini zinazohusu tukio hilo zimewekwa katika Elasticsearch, programu inayogawa faharasa katika kundi la seva. Programu hiyo haina kichanganuzi cha Kiswahili kilicho tayari. Hivyo mtafiti huandaa mafaili ya aina mbili: ya kwanza huunganisha tahajia za jina moja, ya pili ni kamusi ya mashina na viambishi, ili maneno kama walihamishwa, wakahamishwa na tuliohamishwa yafikie shina moja.

3.0 Tatizo la Urejeshaji

Nakala akiba inayotolewa na programu yenyewe huchukua matini pamoja na mipangilio ya faharasa. Mipangilio ya kundi zima huweza kuwamo pia, lakini hairejeshwi isipokuwa ikiagizwa waziwazi. Mafaili yaliyowekwa katika folda ya mipangilio ya kila seva hayamo kabisa. Yakikosekana, faharasa hukataa kufunguka. Msimamizi mwenye haraka huweza kuweka faili tupu ili ifunguke. Itafunguka, na idadi ya matini itakuwa kamili. Lakini atafutaye Ngarenanyuki hataziona zilizoandikwa Engare Nanyuki. Hatapata onyo lolote, na huenda akahitimisha kwamba hapakuandikwa kitu.

4.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kwanza, mafaili ya lugha yahifadhiwe pamoja na nakala akiba, na yarudishwe katika kila seva kabla ya matini. Pili, faharasa irejeshwe kwa jina jipya, kwa kuwa iliyo wazi yenye jina lilelile haiwezi kufunikwa. Tatu, utafutaji ujaribiwe kwa orodha ya maneno ambayo majibu yake yalirekodiwa kabla ya ajali, yakiwemo majina yenye tahajia zaidi ya moja na vitenzi vilivyonyambuliwa.

5.0 Hitimisho

Fundi anaweza kuthibitisha kwamba matini zote zimerudi. Kuthibitisha kwamba zinapatikana ni kazi ya mwanaisimu, naye hana budi kuiandaa orodha hiyo mapema, wakati hifadhidata ingali nzima.