Nimeweka arubuni ya fimbo ya tano, nimalizie?

Shangazi, nakuandikia kutoka Kashojwa, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mimi ni baba wa watoto watatu, kazi yangu ni cherehani. Silewi, sivuti, sina mwanamke mwingine. Starehe yangu ni puli tu. Jioni nikifunga mashine naenda kwenye meza iliyo karibu na barabara, ile ya mipira myekundu na ya njano, sarafu ya 500 kwa mchezo.

Zamani nilicheza na fimbo za ukutani kama wengine. Mwaka juzi nikanunua yangu Mbarara, shilingi 90,000. Nikashinda karibu kila mtu kwa wiki mbili, halafu nikaanza kupigwa, nikaona fimbo ni nyepesi. Nikanunua nzito, 120,000. Ya tatu niliuziwa 150,000 na kijana aliyetoka nayo Kampala, nene, ina maandishi ya dhahabu. Ya nne ni 200,000, inafunguka vipande viwili na ina mkoba mgumu wa kubeba begani. Kila moja inanipa wiki mbili au tatu nzuri, kisha inapoa. Sasa nimeona nyingine Mbarara ya 350,000, mshikio wake ni mti mweusi. Nimeshaweka arubuni ya 100,000.

Pesa hiyo, Shangazi, niliitoa kwenye mkopo wa kikundi chetu cha akiba. Ulikuwa wa kununua vitambaa vya sare za shule. Mke wangu anajua fimbo mbili tu. Nyingine mbili zinalala kwa rafiki yangu. Je, nimalizie hii ya mwisho kisha niache kabisa kununua? Au nina ugonjwa?
Fundi, Kashojwa

Mwanangu Fundi,

Ugonjwa sidhani. Barua yako imeandikwa na mtu anayejiona vizuri, na jibu la swali lako umelitia humo humo bila kujua. Soma tena pale uliposema kila fimbo inakupa wiki mbili au tatu, kisha inapoa.

Fimbo haipoi, mwanangu. Mti ni ule ule, uzito ni ule ule, na ncha haijabadilika kwa wiki mbili. Kilichopoa ni wewe. Siku unayoingia na fimbo mpya unainama taratibu, unatazama mstari mara mbili, unavuta mkono polepole, unaushikilia mwili hadi mpira uingie. Unaiheshimu fimbo, na heshima hiyo ndiyo inayotia mipira. Ukishaizoea unarudia kucheza kama ulivyozoea: haraka, kichwa kinainuka kabla ya pigo kumalizika, bega linasukuma. Ndipo unapoona imeharibika.

Tazama mchezaji yeyote akikosa mpira rahisi. Macho yake yanakwenda kwanza kwenye ncha ya fimbo. Ataigeuza, ataipaka chaki, ataiangalia kwenye mwanga kama ina kosa. Mkono hautazamwi. Wewe umefanya hivyo kwa miaka miwili, ila badala ya kupaka chaki unapanda gari kwenda Mbarara.

Na kuna hasara nyingine, ya kimchezo kabisa, ambayo nadhani hakuna aliyekueleza. Ukiupiga mpira mweupe katikati, unakwenda ulikoelekeza fimbo. Ukiupiga ubavuni ili uzunguke, haufuati mstari wa fimbo sawasawa. Unakengeuka kidogo kwenda upande wa pili. Unakengeuka kiasi gani? Inategemea uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo, ule unaosukumwa pembeni wakati ngozi ya ncha inagusa mpira, na mguso wenyewe hauzidi sana sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kawaida fimbo nene inaukengeusha zaidi kuliko nyembamba. Mchezaji anayeijua fimbo yake harekebishi jambo hili kwa hesabu. Jicho lake linalenga pembeni kidogo bila yeye kujua, kwa sababu limeona mipigo mingi ya fimbo ile ile. Kila unapobadilisha fimbo unalifuta somo hilo na kuanza upya. Ndiyo maana mipira ya mbali, yenye mzunguko, ndiyo inayoanza kukukimbia. Umekuwa ukinunua shida unayotaka kuitibu.

Hiyo ya tatu, yenye maandishi ya dhahabu, iweke kando hata kabla hujamaliza kusoma. Meza za mipira myekundu na ya njano hutumia mipira midogo, inchi 2 hivi, na fimbo zake zina ncha ya milimita 8 hadi 10. Fimbo nene zenye ncha ya milimita 12 au 13 ni za mchezo wa Kimarekani, wenye mipira mikubwa ya inchi 2 na robo na meza kubwa zaidi. Fimbo hiyo inaweza kuwa nzuri sana, lakini iliundwa kwa meza usiyoichezea.

Wewe ni fundi, nitakueleza kwa lugha yako. Uzi ukikatika kila mara hukimbilii kununua cherehani nyingine. Unatazama sindano kwanza. Sindano ya fimbo ni ile ngozi ya mbele. Tangu kapteni mmoja wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, alipotia ngozi kwenye ncha ya fimbo mwanzoni mwa karne ya 19, mchezo mzima umekaa juu ya kipande hicho kidogo. Bila ngozi mpira hauzunguki unavyotaka. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa kama kioo inateleza, na hakuna mti wa bei yoyote utakaokuokoa. Ichukue ile ya kwanza, ya 90,000. Tazama ngozi yake. Kama imelala, ibandue kwa wembe, sugua msasa juu ya pete iliyokuwa chini yake mpaka pawe sawa, weka gundi, bandika ngozi mpya, ibane ikauke mpaka asubuhi, kisha ichonge iwe na mviringo mdogo juu. Kwa mkono unaokata kola za sare, kazi hiyo ni ndogo.

Usiseme fimbo ya 90,000 ni ya wanaoanza. Stephen Hendry wa Scotland alikuwa bingwa wa dunia wa snuka mara 7, kuanzia 1990 hadi 1999, na mataji yote hayo aliyapata kwa fimbo ya bei nafuu, ya pauni 40 hivi, aliyokuwa nayo tangu ujana. Mwaka 2003 ilivunjika katika safari ya ndege. Alipata nyingine na akaendelea kushinda mashindano, ila ubingwa wa dunia haukurudi. Umri nao ulikuwa umesogea, kwa hiyo sitasema ni fimbo peke yake. Nasema tu kwamba mtu aliyeweza kununua fimbo yoyote duniani alibaki na ile mkono wake uliyoijua.

Sasa nikuambie ninachokiona kwenye barua yako ambacho hukukiandika. Ya nne uliieleza kwa mkoba wake. Hukuniambia inapigaje. Uliniambia inafunguka vipande viwili na inabebwa begani. Naelewa, mwanangu. Mtu akipita njiani Kashojwa na mkoba ule begani, vijana wanamwita bingwa kabla hajagusa meza. Anayeshika fimbo ya ukutani ni mmoja wa wengi, ila mwenye mkoba ana jina.

Na hamu hiyo siidharau hata kidogo. Nakivale imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mengi ambayo mtu anapewa akifika yamechaguliwa na mwingine: kiwanja chake, turubai, sufuria, aina ya maharage. Fimbo uliichagua wewe, kwa pesa ya mkono wako, ukaishika dukani, ukakunja jicho kuona kama imenyooka. Mtu anahitaji kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo sikuambii uache puli, na atakayekuambia uache puli hakuisoma barua yako. Kitu kimoja ulichokichagua mwenyewe ni haki yako. Vinne, viwili vikiwa vimefichwa, ni jambo jingine.

Kama unataka jina, litafute mezani. Uganda ina ligi ya taifa ya puli inayosimamiwa na Pool Association of Uganda, na wachezaji wake wengi walianza kwenye meza za sarafu kama yenu. Ukienda Mbarara siku nyingine, usiende dukani. Tafuta wanaocheza vizuri kuliko wewe, waombe mchezo, upigwe, utazame wanavyosimama. Huko utajua unachokosa.

Nyumbani mazoezi hayahitaji sarafu. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza yako ya kukatia, mdomo ukikutazama. Inama kama unavyoinama kwenye puli, kisha ingiza ncha ya fimbo ndani ya mdomo wa chupa na kuitoa bila kugusa kingo, polepole, kwa mkono wa chini tu, bega likiwa limetulia. Mwanzoni chupa italia kila pigo. Siku itakaponyamaza ndipo uanze kuilaumu fimbo, kama bado una sababu. Na fimbo yenyewe usiiegemeze kwenye ukuta wa mabati penye jua. Mti unapinda, na wewe utaamini umepata kisingizio kipya.

Kuna jambo sikuliona kwenye barua, nalo nakuuliza: mnachezea sarafu ya meza tu, au mnawekeana pesa? Kama mnawekeana, niandikie tena, kwa sababu hapo jibu langu lingekuwa refu na kali zaidi.

Tuje kwenye pesa. Fimbo nne ni shilingi 560,000, na arubuni inafanya 660,000. Sikutajii jumla hiyo ili nikuumize. Naitaja kwa sababu ulizitaja bei moja moja na hukuzijumlisha, na nadhani hujawahi kuzijumlisha. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Kama nyumba yako ni miongoni mwa zilizoguswa, cherehani yako ndiyo jiko la nyumba. Na hata kama bado mnapata, mkopo wa kikundi si pesa yako. Ni ya mama anayeuza dagaa na ya jirani anayelima mahindi, waliotia shilingi zao kwenye sanduku wakiamini utashona sare, uuze kabla muhula haujafunguliwa, urudishe. Ukikosa kurudisha, atakayeaibika mbele ya kikundi ni mkeo pamoja na wewe.

Zungumza na mkeo kabla ya mtu yeyote mwingine. Usiende na maelezo. Nenda kwa rafiki yako, chukua zile fimbo mbili, zirudishe nyumbani mchana, watu wakiona. Watoto wakilala, ziweke zote nne juu ya mkeka mbele yake, umtajie bei ya kila moja, kisha umwambie habari ya arubuni na ilikotoka. Akikasirika, usimjibu kwamba wanaume wengine wanalewa. Hilo uliniambia mimi katika sentensi zako za mwanzo, na najua ulikuwa unajitetea kabla hujashtakiwa. Kutokulewa kwako hakulipi kitambaa. Mwache aseme, na kama hatasema kitu usiku huo, mwache pia anyamaze. Kinachomuumiza zaidi, nadhani, kitakuwa zile mbili zilizolala kwa mtu mwingine.

Kesho yake amueni pamoja ipi ibaki. Mimi ningebakiza ya kwanza, lakini kama mkono wako unaipenda ya nne na inafaa meza yenu, ibaki hiyo na mkoba wake. Tatu ziuzwe. Hutapata bei uliyonunulia. Pokea utakachopata, na kipelekwe kwa mweka hazina wa kikundi kabla ya siku ya marejesho, umweleze ukweli kwamba sehemu ya mkopo ulitumia vibaya na unairudisha. Kikundi kinaweza kukupangia muda upya ukijisema mwenyewe. Kikigundua chenyewe, hutakopeshwa tena, na msimu ujao utawatazama mafundi wengine wakishona sare.

Kuhusu swali lako, umalizie kisha uache kabisa? Hapana. Usimalizie. Ya nne nayo ilikuwa ya mwisho ulipoinunua. Nina hakika ulijiambia hivyo. Nenda Mbarara na mkeo, siyo peke yako, na risiti ya arubuni mkononi. Mwambie mwenye duka umeshindwa, unaomba pesa yako. Akikataa kurudisha taslimu, muulize kama anaweza kukuuzia moja ya zile tatu kwa wateja wake, akate chake humo. Akikataa na hilo, omba bidhaa za 100,000 hiyo: ngozi za ncha, gundi, chaki, vitu ambavyo wachezaji wa Kashojwa watavinunua kwako kimoja kimoja, kwa sababu meza ipo pale na ngozi zao nazo zinaisha.

Shangazi