Timu na Mji Wake: Habari ya Wimbledon

Katika somo la Jiografia twafundishwa kwamba kila jengo kubwa lina sababu ya kuwa mahali lilipo. Kiwanda cha saruji hujengwa karibu na machimbo ya mawe ya chokaa. Bandari hujengwa penye maji ya kina. Soko hukaa penye njia panda. Sababu ikiondoka, jengo nalo laweza kuhamishwa. Leo nataka tulitazame jengo la namna nyingine, yaani uwanja wa mpira, tujiulize kama nalo lafuata kanuni hiyo hiyo. Nimechagua habari ya timu moja ya Uingereza, kwa sababu iligombaniwa kwa miaka mingi, na kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja za kusikilizwa.

Timu yenyewe

Wimbledon ni sehemu ya kusini-magharibi ya jiji la London, katika wilaya ya Merton. Watu wengi ulimwenguni walijua jina hilo kwa ajili ya tenisi. Lakini timu ya mpira ilikuwapo pia tangu mwaka 1889, na tangu mwaka 1912 ilikuwa na uwanja wake katika barabara iitwayo Plough Lane. Kwa muda mrefu ilikuwa timu ndogo, isiyojulikana nje ya mtaa. Mwaka 1977 ilikubaliwa kuingia katika Ligi, mwaka 1986 ikafika daraja la kwanza, na mwaka 1988 ikatwaa Kombe la FA kwa kuifunga Liverpool bao 1 kwa 0. Bao lilifungwa na Lawrie Sanchez, na mlinda mlango Dave Beasant akaokoa penalti. Watu wa Wimbledon wakaitia habari hiyo katika hazina yao, wakawahadithia watoto wao.

Jinsi uwanja ulivyopotea

Mwaka uliofuata, 1989, msiba mkubwa ulitokea katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Watazamaji walisongamana wakiwa wamesimama nyuma ya uzio, na watu 97 wakapoteza maisha. Jaji Taylor aliyechunguza msiba huo alitoa taarifa mwaka 1990, akashauri viwanja vya timu kubwa viwe na viti kwa kila mtazamaji. Ushauri huo ulikuwa wa haki kabisa, maana uhai wa mtu hauna bei. Lakini Plough Lane palikuwa padogo, na wenye timu waliona haiwezekani kupatengeneza. Basi mwaka 1991 wakahama, wakawa wapangaji katika uwanja wa Selhurst Park, ambao ni wa timu nyingine ya kusini mwa London, Crystal Palace. Walisema ni kwa muda tu. Lakini kiwanja cha Plough Lane kiliuzwa kwa kampuni ya maduka, na baadaye kikajengwa nyumba za ghorofa. Hapo mwanafunzi aangalie vizuri: timu haikuhamishwa kwa siku moja. Kwanza ilitenganishwa na ardhi yake, na mambo mengine yote yakafuata.

Hoja za pande mbili

Mwaka 2001 wenye timu walitangaza kwamba wataka kuhamia Milton Keynes, mji ulio kiasi cha kilometa 90 kaskazini mwa Wimbledon. Mji huo ulianzishwa na serikali mwaka 1967 ili kuwapatia makazi watu wa London iliyofurika, na wilaya yake ilikwisha kuwa na watu zaidi ya 200,000, bila kuwa na timu hata moja katika Ligi. Mtu mmoja wa biashara ya muziki, Pete Winkelman, alikuwa akitafuta timu itakayokubali kuja, ili uwanja mkubwa upate kujengwa pamoja na maduka makubwa.

Waliotaka kuhama walisema hivi: Timu inapata hasara. Haina uwanja, na miaka kumi imepita bila kupata kiwanja Merton. Mji mpya una ardhi, una watu, una hamu. Je, si afadhali timu iishi kwingine kuliko kufa ilipo?

Wapenzi wa timu walijibu: Timu ya Wimbledon ikikaa Milton Keynes si timu ya Wimbledon. Mji ukitaka timu, na uanzishe yake, ianze chini ipande kwa miguu yake kama sisi tulivyopanda. Nafasi katika Ligi hupatikana kwa kucheza, hainunuliwi. Tena, tukikubali leo, kesho kila mwenye timu ataweza kuichukua aende nayo palipo na fedha.

Bodi ya Ligi ilikataa kwanza. Shauri likarudishwa, na mwezi wa Mei 2002 kamati ya watu watatu iliyowekwa na Chama cha Mpira ikaamua: wawili walikubali timu ihame, mmoja alikataa. Hivyo kura moja tu ndiyo iliyotenganisha mambo.

Watu walipobaki bila timu

Wapenzi hawakutupa mawe. Walifanya kazi iliyo ngumu zaidi: katika wiki chache walianzisha timu yao wenyewe, wakaiita AFC Wimbledon, na ikawa mali ya wanachama. Wachezaji walitafutwa kwa tangazo, wakajaribiwa katika uwanda wa wazi uitwao Wimbledon Common. Wakaja zaidi ya 200. Mechi ya kwanza ya kirafiki walifungwa na Sutton United mabao 4 kwa 0. Walianza katika daraja la tisa, ambako viwanja vingi havina hata jukwaa la maana. Na hata hivyo, katika msimu ule wa kwanza watazamaji wao walikuwa kiasi cha 3,000 kwa kila mechi ya nyumbani, wakiwazidi watazamaji wa timu ya zamani, ambayo ilikuwa bado katika daraja la pili.

Timu ya zamani ilihamia Milton Keynes mwezi wa Septemba 2003, na mwaka 2004 ikabadilishwa jina kuwa Milton Keynes Dons. Neno hilo la mwisho liliwauma sana wa Wimbledon, maana ni kipande cha jina la mji wao. Mwaka 2007 palifanyika jambo la busara: kumbukumbu za timu ya zamani, pamoja na mfano wa Kombe la 1988, zilikabidhiwa kwa halmashauri ya Merton. Milton Keynes ikakubali kwamba historia yake yaanza mwaka 2004.

AFC Wimbledon ilipanda madaraja matano katika misimu tisa, ikaingia Ligi mwaka 2011. Kisha ikatafuta kurudi nyumbani. Katika barabara ile ile ya Plough Lane, hatua chache kutoka uwanja wa zamani, palikuwa na uwanja wa mbio za mbwa. Baada ya maombi na mashauri ya miaka mingi, halmashauri iliruhusu uwanja mpya ujengwe hapo. Fedha zilipopungua, mwaka 2020 wapenzi walinunua hatifungani za timu yao zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 5. Tarehe 3 Novemba 2020 wakacheza mechi ya kwanza na Doncaster Rovers, wakatoka sare 2 kwa 2. Walikuwa wamengoja miaka 29. Na kwa kuwa ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona, uwanja ulikuwa mtupu. Waliolipia matofali hawakuruhusiwa kuingia siku ile.

Mambo mawili ya kupima

Sitaki mwanafunzi afikiri kwamba upande mmoja ulikuwa mwema tu na mwingine mbaya tu. La kwanza, tuwatazame Milton Keynes. Uwanja wao wenye viti zaidi ya 30,000 ulifunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2014 waliifunga Manchester United mabao 4 kwa 0 katika Kombe la Ligi. Mtoto aliyezaliwa katika mji ule baada ya mwaka 2004 hakumwibia mtu kitu. Ile ndiyo timu ya nyumbani kwao, na baba yake alimpeleka uwanjani kwa mkono. Mji mpya nao wahitaji kitu cha kuwakusanya watu wake.

La pili, tuwatazame Wimbledon wenyewe. Walipokuwa hawana kwao walicheza Kingston, katika uwanja wa Kingsmeadow, uliokuwa maskani ya timu ndogo iitwayo Kingstonian. Wimbledon wakapata kuumiliki. Mwaka 2017, ili wapate fedha za kurudi Plough Lane, waliuuza kwa Chelsea, na Kingstonian wakalazimika kuondoka na kuwa wapangaji nje ya mji wao. Basi hata mwenye haki, arudipo kwake, yampasa aangalie amemkanyaga nani njiani.

Tunajifunza nini?

Timu ya mji ina vitu vitatu: mahali, watu, na jina pamoja na nafasi yake katika mashindano. Kwa kawaida vitu hivi hukaa pamoja, hata hatuvioni kuwa ni vitatu. Katika habari hii viliachanishwa. Mahali pakajengwa nyumba, nafasi na wachezaji vikaenda kaskazini, watu wakabaki. Na ikaonekana kwamba wenye nafasi na wachezaji ilibidi wajenge historia upya, lakini wenye watu walipata vingine vyote, ingawa kwa taabu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la swali letu. Kiwanda hufuata malighafi, na malighafi ya timu ni watu waliozoea kwenda pamoja mahali fulani kila Jumamosi. Hao hawapakiwi katika lori.

Waingereza nao walijifunza. Sheria ya uongozi wa mpira iliyopitishwa na Bunge lao mwaka 2025 imeweka msimamizi, na klabu zilizo chini yake haziwezi kuhama uwanja bila kibali chake.

Mzazi asomaye hapa aweza kusema, "Hayo ni ya London, yatuhusu nini?" Yatuhusu. Kiwanja cha wazi cha mtaa aghalabu hakina wa kukitetea mpaka siku watu waonapo bikoni zimekwisha simikwa. Hapo kelele huwa nyingi, lakini karatasi ziko kwa mwingine. Watu wa Wimbledon walipenda timu yao mwaka 1991 kama walivyoipenda mwaka 2002; tofauti ni kwamba mwaka 2002 walikuwa wamejiunga, wana daftari la wanachama, wana mfuko wa fedha, na wanakwenda kwenye vikao vya halmashauri. Mapenzi ni yale yale, ila safari hii yalikuwa na katibu na mweka hazina.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja sababu mbili za wale waliotaka timu ihamie Milton Keynes. Je, ipi kati ya hizo ni ya Jiografia, na ipi ni ya fedha?

2. Kama ungekuwa mmoja wa wale watu watatu wa kamati mwaka 2002, ungepiga kura upande gani? Toa sababu zako bila kumdharau mwenye mawazo mengine.

3. Je, Wimbledon walitenda haki kwa Kingstonian? Wangeweza kufanya nini zaidi?

4. Chora ramani ya mtaa au kijiji chenu, uonyeshe kiwanja mnachochezea. Uliza wazee: kilianza lini, nani alikitoa, na hati yake iko kwa nani? Jibu la swali hili la mwisho liletwe kwa maandishi.