Tukifungwa bao la kwanza, timu inasambaratika

Swali: Nafundisha timu ya vijana hapa Kitaya. Tukitangulia kufungwa, wanaanza kulaumiana, na kipa hataki tena kutoka langoni. Nifanyeje, mwalimu?

Jibu: Pole, mwalimu mwenzangu. Hotuba ya mapumziko haitoshi. Hali hiyo ifundishwe mazoezini. Anzisha mechi ya mazoezi kikosi cha kwanza kikiwa nyuma 1-0, zimebaki dakika 10. Bao likiingia, nahodha ndiye akauchukue mpira wavuni, amshike kipa bega, amwambie jambo moja tu la kufanya. Kipa akitoka akakosa krosi, msifu kwanza kwa kutoka, kisha mrekebishe hatua zake. Ukimfokea mbele ya wenzake, mechi ijayo ataganda kwenye mstari, na hapo kosa ni lako.

Na wajue kwamba kufungwa si mwisho: Novemba 2018 Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania chini ya kocha Emmanuel Amunike, ilifungwa 1-0 na Lesotho kule Maseru. Machi 24, 2019 ikaichapa Uganda 3-0 Dar es Salaam, ikafuzu AFCON baada ya miaka 39. Wasimulie vijana wako mechi zote mbili, hasa ile ya Maseru.

Na wale wa benchi wape dakika za kweli, maana minong'ono mingi huanzia kwao.