TRIATHLONI KATIKA ZIWA LENYE MAWIMBI: JIHADHARI NA DAKIKA MBILI ZA KWANZA

 

Inafurahisha kuona ndugu zetu wengi ughaibuni wameamka kwenye mazoezi. Mtu anatoka kwenye boksi amechoka, lakini bado anavaa raba na kuzunguka bustani ya mtaa. Wengine wamenunua baiskeli. Kisha siku moja wenzako wa kazini wanakwambia, "Njoo tushiriki triathloni, tunachangisha pesa za hospitali ya watoto." Unajiandikisha, unalipa ada, halafu ndipo unauliza: hivi kuogelea kwenyewe ni wapi? Unajibiwa: ziwani. Somo la leo ni kwa ajili yako.

TRIATHLONI NI NINI?

Ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Mchezo huu ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, na uliingia kwenye Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Umbali wa Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Anayeanza kwa kawaida huchagua nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Watu wengi huogopa baiskeli na mbio kwa sababu ndizo ndefu. Lakini hatari kubwa iko kwenye ile sehemu fupi ya kwanza. Madaktari wa Marekani walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za nchi hiyo tangu 1985 hadi 2016. Walihesabu matukio 135, na 90 kati yake yalitokea wakati wa kuogelea. Usiogope, maana walioshiriki miaka hiyo yote ni mamilioni na hatari kwa mtu mmoja ni ndogo. Hata hivyo, ni vizuri ujue iko wapi ili uipunguze zaidi.

ZIWA SI BAHARI YA NYUMBANI

Kosa la kwanza la watu wetu ni kusema, "Mimi nimekulia pwani, maji nayajua." Ni kweli unayajua, lakini ni maji mengine. Kijana anayejirusha baharini pale Forodhani anaingia kwenye maji ya nyuzi 25 mpaka 30. Katika maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa Mei au mwanzoni mwa Juni, nyuzi 14 (57 za Fahrenheit) ni jambo la kawaida, hata kama juu jua linawaka na watu wanakula aiskrimu.

Pili, maji ya chumvi hukubeba. Maji ya ziwa hayakubebi kiasi hicho, na miguu huzama haraka zaidi.

Tatu ni mawimbi. Wimbi la bahari kuu lina nafasi: linakuinua, linakushusha, unavuta pumzi. Wimbi la ziwa ni fupi, limesimama wima, na linafuatwa mara moja na jingine. Unapofungua mdomo upate hewa, unapata maji. Ndugu zetu wa Kigoma, Bujumbura, Mwanza na Kisumu wanajua jinsi ziwa linavyoweza kutulia asubuhi na kuchafuka ghafla upepo ukigeuka. Maziwa ya huku ni hivyo hivyo. Ziwa Michigan lina urefu wa karibu kilomita 490, na upepo wa kaskazini ukilipitia lote, mawimbi yanayofika Chicago si ya mchezo. Tena upepo ukisukuma maji ya juu mbali na ufuo, maji baridi ya chini hupanda, na ziwa lililokuwa la kupendeza jana leo linakuwa barafu.

Mfano halisi: mwezi wa Juni 2002 yalifanyika mashindano marefu ya triathloni katika Ziwa Utah, Marekani. Ziwa hilo ni pana lakini kina chake ni kifupi, wastani wa mita 3 hivi, na maji ya namna hiyo yakipigwa na upepo huchafuka upesi. Dhoruba iliingia asubuhi ile, maboya yakapotea mahali pake, na kuogelea kukasimamishwa watu wakiwa tayari majini. Mshiriki mmoja alifariki. Hawa hawakuwa watu wasiojua kuogelea. Walikuwa wamejiandaa kwa miezi mingi.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Ngozi ikiguswa ghafla na maji baridi, mwili hushtuka. Unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka. Kama uso uko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Halafu unahema haraka haraka, moyo unakwenda mbio, mishipa inajikaza na presha inapanda. Unahisi kifua kimebanwa, na akili inakwambia, "Nakufa."

Sasa sikiliza jambo muhimu kuliko yote katika somo hili: mshtuko huo huanza kutulia wenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Huhitaji kuushinda kwa nguvu. Unahitaji kuelea na kusubiri upite. Ndiyo maana RNLI, chama cha waokoaji wa majini cha Uingereza, kinawafundisha watu kwamba ukiingia kwenye maji baridi uelee kwanza ndipo uogelee.

Wengi hufanya kinyume. Kengele inalia, watu mia wanaingia kwa pamoja, mateke na viwiko kila upande, wimbi usoni, naye anazidisha nguvu ili asiachwe nyuma. Hapo moyo unaagizwa mambo mawili yanayopingana: baridi na juhudi zinauambia uende mbio, na uso uliozama pamoja na pumzi iliyobanwa vinauambia upunguze mwendo. Kwa mwenye moyo mzima, mara nyingi hupita salama. Kwa mwenye tatizo lililojificha, ni hatari. Katika uchunguzi ule wa 2017, kati ya marehemu 61 waliopasuliwa ili ijulikane sababu ya kifo, 27 walikuwa na kasoro za moyo au mishipa.

KABLA YA KULIPA ADA: PIMA

Watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Uingereza na Marekani hupatwa na presha ya juu zaidi kuliko wenzao, na mara nyingi hawajui kwa sababu presha haiumi. Kama umevuka miaka 40, kama una presha au kisukari, kama kuna ndugu yako aliyefariki ghafla akiwa kijana, au kama uliwahi kuzimia au kubanwa kifua ukifanya mazoezi, muone daktari kwanza. Mwambie wazi: "Nataka kuogelea ziwani kwenye maji baridi." Kwa walioko England, NHS hutoa uchunguzi wa afya bure kila miaka mitano kwa wenye umri wa 40 hadi 74 ambao hawajagundulika na maradhi fulani. Utumie.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawajalisikia: mapafu kujaa maji kutoka ndani ya mwili wenyewe, bila mtu kumeza hata tone la ziwa. Baridi na suti inayobana husukuma damu kwenda kifuani, na shinikizo hulazimisha majimaji kuingia kwenye mapafu. Wenye presha ya juu wako kwenye hatari zaidi. Dalili zake ni pumzi kukata kuliko juhudi unayofanya, kikohozi, kifua kukoroma, au makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ukiona hayo, toka majini papo hapo, kaa wima, vua suti na uite daktari. Usijaribu kumalizia.

MAANDALIZI

1. Jifunze kuogelea kwa mwalimu. Kama hujui, hakuna aibu. Wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mabwawa mengi ya mitaa yana madarasa ya watu wazima, na mengine yana saa za wanawake peke yao. Ukiona muda hautoshi, chagua mwaka huu mashindano ya kukimbia na baiskeli tu.

2. Uweze kuogelea umbali wa mashindano mara moja na nusu bila kusimama, kwenye bwawa, kabla hujagusa ziwa.

3. Uzoeshe mwili baridi. Watafiti wamegundua kwamba kuingia kwenye maji baridi mara tano au sita, dakika tatu hivi kila mara, hupunguza mshtuko kwa karibu nusu, na faida hiyo hudumu kwa miezi. Usiende peke yako. Tafuta klabu yenye muokoaji, na funga boya dogo la rangi kiunoni ili boti zikuone.

4. Suti ya mpira inakupa joto na inakusaidia kuelea. Lakini ikiwa ndogo inabana kifua, na mtu hudhani ni moyo. Ijaribu ziwani mapema, isiwe mpya siku ya mashindano. Kina mama wanaojisitiri, suti hii hufunika kuanzia shingoni hadi vifundoni; kuhusu kichwa na mavazi ya baiskeli na mbio, waandikie waandaaji mapema na mjibiwe kwa maandishi.

5. Jifunze kuvuta pumzi pande zote mbili. Mawimbi yakitoka kulia, utavuta pumzi kushoto. Anayejua upande mmoja tu atayanywa.

6. Fanya mazoezi ya kugeuka chali na kuelea ukiwa umechoka. Hii ndiyo breki yako.

ASUBUHI YA MASHINDANO

Fika mapema, ulitazame ziwa kabla hujavaa. Upepo unatoka wapi? Mawimbi yanavunjikia wapi? Maboya yako wapi, na nyuma yake kuna kitu gani kirefu nchi kavu, mnara au mti mkubwa, cha kukuongoza? Ukiwa majini boya litajificha nyuma ya wimbi, lakini mnara hautajificha.

Sikiliza maelezo ya waandaaji. Wakifupisha au wakifuta kuogelea, usilalamike kwamba pesa yako imeliwa. Hata maji matulivu yanaweza kufungwa: mwaka 2010 kuogelea maarufu kwa Great North Swim katika Ziwa Windermere kulifutwa kwa sababu ya mwani wenye sumu.

Ukiruhusiwa, ingia majini dakika chache kabla. Mwagia maji uso na shingo, acha maji yaingie ndani ya suti, toa pumzi polepole ndani ya maji mpaka kuhema kutulie. Kisha jipange nyuma au pembeni ya kundi. Waache wenye haraka waende. Utapoteza nusu dakika tu.

NDANI YA MAWIMBI

Piga mikono mifupi na ya haraka kidogo, uinyanyue juu ili wimbi lisiigonge. Toa pumzi yote ndani ya maji. Mtu anayebana hewa hana nafasi ya kuingiza nyingine. Kila baada ya mikono sita au minane inua macho tu juu ya maji, kama kiboko, ukiwa juu ya wimbi. Ukiinua ukiwa bondeni utaona ukuta wa maji peke yake. Ukimeza maji, usipigane nayo: geuka chali, kohoa, hesabu pumzi kumi, endelea.

Ukizidiwa, inua mkono mmoja juu na uupunge. Waokoaji wa kayaki wako pale kwa ajili yako. Kanuni za triathloni kwa kawaida zinakuruhusu kushika kayaki na kupumzika, mradi isikusogeze mbele. Wengi hawajui hili na wanaona aibu kushika. Shika! Na ukimuona mwenzako ameacha kupiga mikono, kichwa nyuma na mdomo usawa wa maji, mpigie kelele muokoaji. Mtu anayezama mara nyingi hana sauti.

UKISHATOKA

Mwili huendelea kupoa kwa muda hata baada ya kutoka majini. Simama taratibu, kichwa kinaweza kuzunguka. Kama unatetemeka na vidole haviwezi kufunga kofia ya baiskeli, basi havitaweza kushika breki. Jifute, vaa koti, subiri. Dakika tano hazitakufukuzisha kazi.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa mtu aliyeanza kujenga nyumba au kusoma chuo. Ziwani, ndugu yangu, iache nyumbani. Umeshalipa, umeshavaa suti, wafanyakazi wenzako wanakutazama, na mama watoto amekuja na kamera, pamoja na hayo yote, bado una haki ya kusema, "Leo hapana." Nishani unaweza kuipata mwakani. Kuna watu huku na nyumbani wanaokutegemea, na hakuna hata mmoja wao atakayekuuliza ulimaliza kwa saa ngapi.

Ushauri huu ni wa jumla na hauchukui nafasi ya daktari wako. Kwaherini mpaka somo lijalo, na Mungu awajaalie afya njema.