Dondoo muhimu: Kikundi cha usafi na usalama mtaani

Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji wa Kisii. Maganda ya ndizi, chupa na nepi zinazotupwa ukingoni haziishii hapo: mvua ya alasiri huzisomba hadi mto Riana, kisha Gucha, na mwisho Ziwa Victoria. Kwa hiyo anzeni kusafisha upande wa juu, mteremke na maji.

Vaeni gambuti na glavu nzito, maana kwenye tope hujificha vigae na sindano. Kila watu wawili wabebe magunia mawili, moja la vinavyooza, jingine la chupa na plastiki. Sheria ya taka ya 2022 inataka zitenganishwe, na maganda ya ndizi ni mbolea safi shambani. Msiyachome pamoja na plastiki hata kidogo.

Mkifika watu 10, jisajilini katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkiwa Keroka, mji ulio mpakani, ongeeni na kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira, kabla ya kuchagua pa kurundika taka.

Usalama uende kupitia mpango wa Nyumba Kumi na chifu. Mulikeni vichochoro, sindikizeni akina mama wanaofunga vibanda usiku. Mshukiwa akikamatwa, asiguswe; waitwe polisi. Gusii ilizika watu wengi mno enzi za sungusungu, walinzi wa vijiji waliojichukulia sheria mkononi.

Wazee wetu walilimiana kwa zamu katika vikundi vilivyoitwa ebisangio. Gaweni zamu za usafi vivyo hivyo, na jina la asiyefika lisomwe mkutanoni.